Herufi Tatu: D.O.A. na Historia ya Kigoma

Mwaka 1916, katika karakana za reli mjini Tabora, Wajerumani walipiga sarafu ya shaba ya thamani ya heller 20. Upande mmoja wa sarafu hiyo pana taji, mwaka, na herufi T ambayo ni alama ya Tabora. Na pamoja na hayo pana herufi tatu zilizotengwa kwa nukta: D.O.A. Sarafu zilizoitangulia, zilizopigwa Ujerumani tangu mwaka 1904, ziliandikwa jina zima, Deutsch Ostafrika, yaani Afrika ya Mashariki ya Kijerumani. Tabora haikuwa na mitambo ya Ulaya, wala haikuweza kuagiza chochote kwa urahisi kwa njia ya bahari, maana vita vilikuwa vimefunga pwani. Basi jina likafupishwa, nalo likafupishwa katika mwaka ule ule ambao nchi iliyoitwa kwa jina hilo ilikuwa ikipungua upande baada ya upande. Kigoma ilitwaliwa na majeshi ya Wabelgiji mwishoni mwa Julai, na Tabora yenyewe ikaanguka tarehe 19 Septemba.

Kifupisho ni kitu kidogo, na wengi hukipita bila kukitazama. Hata hivyo sehemu kubwa ya historia ya mwambao wa Ziwa Tanganyika yaweza kusomwa ndani ya herufi hizi tatu, na ndani ya herufi nyingine zilizokuja kuchukua mahali pake. Herufi hazina maana kwa nafsi yake. Maana hukaa kwa yule ajuaye maneno yaliyositiriwa nyuma ya nukta, na asiyeyajua hupokea alama tupu, mfano wa mtu aliyepewa kufuli bila ufunguo. Katika mambo ya dola jambo hili si mchezo wa maneno, kwa kuwa aghalabu yaliyositiriwa nyuma ya nukta ni ardhi, kodi na mamlaka. Afupishaye ndiye ajuaye urefu.

Mwanzo wa herufi hizi haukuwa nchi bali biashara. Mwezi wa Machi 1884 Carl Peters na wenzake waliunda Berlin chama cha kutafuta makoloni, na kabla ya mwaka kwisha Peters alikuwa Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami akikusanya mikataba. Mashuhuri kati ya mikataba hiyo ni ule wa Msovero, Usagara, wa tarehe 29 Novemba 1884, ambao watoto wa shule wa Tanzania hujifunza kwa jina la Mangungo. Kwa maandishi yale mtawala huyo alihesabiwa kuwa ametoa nchi yake yote pamoja na haki zake za kiraia na za umma. Maandishi yalikuwa marefu, na lugha yake haikuwa lugha ya Msovero. Upande wa mwenyeji palihitajiwa alama ya mkono tu. Hapo ndipo ulipoonekana kwa mara ya kwanza mgawanyo utakaorudi mara nyingi katika habari hii: mmoja ana maneno yote, mwingine ana alama.

Tarehe 27 Februari 1885 Kaisari Wilhelm I aliipa kampuni ya Peters hati ya ulinzi. Kampuni hiyo ikajulikana kwa jina la Deutsch-Ostafrikanische Gesellschaft, na kwa ufupi DOAG. Herufi ya mwisho, G, ni ya neno Gesellschaft, yaani kampuni au shirika, nayo yastahili kuangaliwa kuliko zile tatu zilizoitangulia, maana ilieleza ni nani hasa aliyedai kuitawala nchi. Aliyedai hivyo alikuwa mfanya biashara. Mwezi wa Aprili 1888 kampuni ilipata kwa Sultani Khalifa wa Unguja haki ya kuendesha forodha na utawala wa pwani. Agosti mwaka ule ule watu wa Pangani walikataa bendera ya kampuni, na vita vikaenea pwani chini ya uongozi wa Abushiri bin Salim al-Harthi na Bwana Heri wa Uzigua. Kampuni haikuweza kuvizima kwa nguvu zake. Serikali ya Berlin ilimtuma Hermann von Wissmann na askari. Abushiri akanyongwa Pangani Desemba 1889, na tarehe 1 Januari 1891 utawala wa nchi ukatoka mikononi mwa kampuni na kuingia mikononi mwa dola. Kwa kalamu ya mwandishi badiliko hilo lilikuwa dogo kabisa: G ilidondoka, zikabaki D, O na A. Kwa watu wa pwani na wa bara lilikuwa badiliko lililonunuliwa kwa damu.

Lakini G haikudondoka mahali pote kwa siku moja. Kampuni ilibaki na haki ya kutoa sarafu kwa miaka kadhaa zaidi, na rupia zilizopigwa mpaka mwaka 1902 ziliendelea kuandikwa jina la kampuni kwa urefu wake, upande wa pili wa sura ya Kaisari Wilhelm II. Hivyo mkulima aliyetafuta rupia za kulipa kodi ya nyumba, kodi iliyotangazwa mwaka 1897, alikuwa akiilipa serikali kwa sarafu yenye jina la mfanya biashara aliyekwisha kuondolewa katika utawala. Sarafu ndogo za pesa zilizopigwa kati ya mwaka 1890 na 1892 zilikuwa na uungwana zaidi. Upande mmoja zilikuwa na maneno ya Kijerumani, na upande wa pili, kwa herufi za Kiarabu, maneno mawili yenye maana ya Shirika la Ujerumani, pamoja na mwaka wa Hijra. Msomaji wa Bagamoyo, au wa Ujiji ambako wafanya biashara wa pwani walikuwa wamekaa tangu zamani, aliweza kusoma pale ni nani aliyeitoa pesa ile. Sarafu za heller zilizokuja mwaka 1904 hazikuwa na herufi za Kiarabu. Kabla jina halijafupishwa kwa nukta, lilikwisha kufupishwa kwa kupunguziwa wasomaji.

Herufi zile tatu zilipokuwa zikitumika zilizaa nyingine. Mwaka 1890 ilianzishwa Hamburg njia ya meli iliyoitwa Deutsche Ost-Afrika-Linie, DOAL. Na tangu mwaka 1899 lilitoka Dar es Salaam gazeti la walowezi, Deutsch-Ostafrikanische Zeitung, lililoitwa kwa ufupi DOAZ. Mtu akiongeza G alipata kampuni, akiongeza L alipata meli, akiongeza Z alipata gazeti. Wakati huo huo, tangu miaka ya mwanzo ya karne ya 20, Tanga palikuwa na gazeti la Kiswahili lililochapwa na shule ya serikali, na jina lake lilikuwa neno moja lisilohitaji ufunguo: Kiongozi.

Kigoma iliingia katika habari hii kwa njia ya reli. Ujiji ndio uliokuwa mji mkubwa wa ufuko huo, soko la pembe, chumvi, samaki na watumwa, na pale ndipo Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Lakini maji ya Ujiji ni ya kina kifupi, na ghuba ya Kigoma, mwendo wa saa chache kwa miguu kuelekea kaskazini, ina kina na kinga. Kwa hiyo reli iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 ilielekezwa Kigoma, nayo ilifika ziwani Februari 1914 baada ya kukata zaidi ya kilomita 1,200. Maonyesho ya kuadhimisha kazi hiyo yalitayarishwa Dar es Salaam kwa mwezi wa Agosti 1914. Agosti ilipofika, palikuwa na vita.

Hapa msomaji aliyezoea Kiingereza cha hospitali atakumbuka maana nyingine ya herufi hizi. Katika madaftari ya hospitali zinazotumia lugha hiyo, D.O.A. huandikwa kwa mgonjwa aliyefikishwa mlangoni akiwa amekwisha kufa. Haina uhusiano wowote na Wajerumani, lakini ni vigumu kuikumbuka stesheni ya Kigoma, ambayo jengo lake la enzi ile lasimama hata leo juu ya bandari, pasipo kuona jinsi maana hizo mbili zilivyokutana. Deutsch Ostafrika ilichukua takriban miaka tisa kuifikia Kigoma kwa reli, na baada ya kuifikia ilikaa pale miaka miwili na nusu tu. Hata meli yake kubwa, Graf von Götzen, iliyoundwa Papenburg, ikafunguliwa vipande, ikaletwa kwa bahari na reli na kuunganishwa tena Kigoma, iliteremshwa majini Februari 1915 na kuzamishwa na Wajerumani wenyewe Julai 1916 ili adui asiitwae.

Wabelgiji walipoingia walikuta nchi yenye jina, nao wakalitafsiri. Stempu zao za Kongo zilipigwa chapa mwaka 1916 kwa lugha zao mbili. Kwa Kifaransa ziliitaja nchi kuwa Est Africain Allemand iliyotwaliwa na Ubelgiji. Kwa Kiflemi ziliitaja kuwa Duitsch Oost Afrika. Yafaa kusimama kidogo mbele ya maneno hayo ya Kiflemi, kwa sababu herufi zake za mwanzo ni D, O na A. Aliyefukuzwa na aliyemfukuza waliweza kuiandika nchi ile ile kwa herufi zile zile, kila mmoja akisoma lugha yake. Mwaka 1918 ufupisho ulirudi, lakini safari hii kwa Kifaransa: stempu zilizouzwa kuchangia Msalaba Mwekundu zilipigwa herufi mbili, A.O., yaani Afrique Orientale, Afrika ya Mashariki. Neno la Kijerumani limeondolewa, na mahali pake hapakuwekwa jina la mtu ye yote. Ni herufi za mtu ambaye bado hajajua kama nyumba aliyoingia ataachiwa.

Upande wa pili Waingereza walikuwa na zao. Tangu mwaka 1917 stempu za Afrika ya Mashariki na Uganda zilipigwa chapa G.E.A., maneno ya Kiingereza yenye maana ile ile ya Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, nazo zilitumika mpaka nchi ilipopata stempu zake zenye picha ya twiga mwaka 1922. Herufi G imerudi, lakini si ile ya kwanza. Katika DOAG ilisimama mwisho na kumaanisha kampuni; katika G.E.A. ilisimama mbele na kumaanisha Mjerumani, mtu ambaye wakati huo hakuwa na hata wilaya moja katika nchi hiyo baada ya kushindwa. Tabora ilipokabidhiwa kwa Waingereza, msafiri aliyepanda treni pale akashuka Kigoma alikuwa ametoka katika G.E.A. na kuingia katika A.O., ilhali reli ilikuwa ile ile, na watu waliompokea walikuwa Waha, Wajiji na Wamanyema wale wale waliokuwa wakiishi huko kabla ya herufi zote hizo. Mapatano ya mwaka 1919 yaliwaachia Wabelgiji Ruanda na Urundi. Kigoma ikarudishwa upande wa Waingereza Machi 1921. Katikati ya hayo, mwaka 1920, nchi nzima ilipewa jina la Tanganyika. Ziwa ambalo wakuu wa Ulaya walikuwa wamelifanya mwisho wa reli likawa ndilo linaloipa nchi jina.

Wabelgiji hawakuondoka Kigoma mikono mitupu. Kwa mkataba wa tarehe 15 Machi 1921 walipewa kukodi milele sehemu za bandari, moja Dar es Salaam na moja Kigoma, ili mizigo ya Kongo, Ruanda na Urundi ipite bila kizuizi. Na kodi ya mahali hapo ilikuwa faranga moja kwa mwaka. Sehemu hizo ziliitwa Belbase, maneno mawili ya Kiingereza yaliyobanwa kuwa moja, yenye maana ya kituo cha Ubelgiji. Mpagazi wa bandari aliweza kulitamka jina hilo kila siku, wala asisikie ndani yake neno milele, wala faranga moja. Mambo hayo yalibaki katika urefu wa mkataba. Novemba 1961, siku chache kabla ya uhuru, Julius Nyerere, aliyekuwa Waziri Mkuu, alitangaza bungeni kwamba Tanganyika haitafungwa na makubaliano hayo. Hoja yake ilikuwa kwamba mtawala ambaye haki yake mwenyewe juu ya nchi ilikuwa na mpaka hakuweza kumpa mwingine haki isiyo na mwisho. Hoja hiyo ya Belbase ikawa moja ya misingi ya msimamo wa Tanganyika juu ya mikataba yote iliyorithiwa, na wanasheria wa mataifa mengine wameijadili sana. Yote yalianza kwa mtu kukataa kuridhika na jina fupi, akataka kusoma maandishi yaliyo nyuma yake.

Baada ya dola kuondoka, herufi hubaki zikitangatanga kutafuta maana. D.O.A. ya leo yasomwa na wakusanya sarafu kwa maana ya zamani, na waganga kwa maana iliyokwisha kutajwa. Wahandisi wa redio huitumia kwa pembe ambayo mawimbi hufikia chombo cha kupokelea, na wauzaji wa vyombo vya umeme huitumia kwa chombo kilichomfikia mnunuzi kikiwa kibovu. Zikiondolewa nukta, herufi hizo huwa maneno kamili ya watu wengine. Kwa Wamalei doa ni ombi kwa Mungu, neno lililotoka katika Kiarabu kile kile kilichowapa Waswahili dua. Kwa Wareno doa ni anatoa bure, nalo umbo hilo hilo, katika kitenzi kingine, humaanisha na iume. Ombi, sadaka na maumivu hukaa pamoja katika sauti moja, na hakuna hata kimoja kilichomjua mwenzake.

Kwa Kiswahili doa ni waa: alama ya mafuta juu ya kanzu, baka juu ya ngozi ya chui, na kwa mfano aibu katika jina la mtu. Hapana budi kuonya kwamba neno hili halikutokana na herufi za Wajerumani. Ni la zamani kuliko wao. Mwanafunzi wa lugha ajihadhari sana na ushawishi wa kufanana kwa sauti, maana historia ya maneno imeharibiwa mara nyingi na watu waliopenda kisa kizuri kuliko kisa cha kweli. Hata hivyo bahati ina haki yake. Mswahili aliyesoma herufi za Kizungu, akishika sarafu ya Tabora na kuzipita nukta, alikuwa na neno lake mwenyewe mkononi, wala hakuhitaji kufasiriwa. Peters naye, mwanzilishi wa DOAG, hakukumbukwa na watu kwa herufi zo zote. Walimwita Mkono wa Damu. Watu hawafupishi walichokiona kwa macho yao.

Iliyobaki ya kutazamwa ni hukumu ya wakati. Herufi D.O.A. hazitumiki tena katika utawala wo wote, na nchi iliyotajwa nazo haipo. Lakini upande wa pili wa sarafu ile palikuwa na neno ambalo halikufupishwa, nalo ni Heller. Neno hilo watu walilichukua, wakaliondolea herufi zisizowafaa, wakaliita hela, na hela imebaki. Rupia zilikwisha, shilingi zikaja za namna nyingi, na katika soko la Mwanga mjini Kigoma mnunuzi wa dagaa bado huulizwa kama ana hela. Vivyo hivyo meli iliyozamishwa mwaka 1916 iliinuliwa mwaka 1924, na iliporudi kazini mwaka 1927 haikuitwa tena kwa jina la gavana Götzen; iliitwa Liemba, jina la kale la upande wa kusini wa ziwa.

Taarifa ya herufi hizi yafundisha jambo moja kwa anayesoma historia ya Afrika ya Mashariki katika hati na mihuri. Kila anapokutana na kifupisho asiharakishe kukifungua kwa maana iliyo katika kamusi; aulize kwanza ni nani aliyekifupisha, mbele ya nani, na ni neno gani lililoachwa nje. Mara nyingi neno lililoachwa nje ndilo lililokuwa na bei. Na apendaye kujua ni kitu gani kilichodumu asitazame penye taji na nukta. Aigeuze sarafu, asome neno ambalo watu wenyewe walikubali kulitia kinywani.